Lenana kwa njia ya chuma, watu sita kutoka Malindi: kamba za mashua zafaa?

Shela_Malindi
Assalaam aleikum. Tuko marafiki sita, wakaazi wa Malindi, na Januari twataka kupanda Lenana, kilele cha Mlima Kenya, kupitia njia ya Sirimon. Chini ya kilele kuna waya na vidato vya chuma, ile ambayo Waitaliano wa hapa kwetu huiita via ferrata. Mikanda ya kupandia tumeazima. Vile vikamba viwili vya kujifungia kwenye waya hatuna. Tukikata kamba ya mashua ya milimita 12 tukaifunga karabina (pete za chuma zenye mlango) za duka la vifaa vya bahari, itafaa? Tena mmoja wetu ana kilo 125, je, yeye afanyeje? Na siku tano, kutoka Nanyuki hadi kurudi Nanyuki, zatosha kwa watu wanaotoka ufuoni?

FundiKamba
Wa aleikum salaam. Kamba ya mashua msiitumie, hata ikiwa mpya. Huenda isikatike, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mshtuko wote utaingia kwenye karabina na kwenye mgongo wa mtu.

Anayepanda kwa kamba ya kawaida ya milimani akianguka, anguko halipiti mara mbili ya urefu wa kamba iliyotoka, na kamba ile imefumwa inyumbuke. Kwenye waya hesabu ni nyingine. Karabina huteleza pamoja nawe mpaka kwenye nanga ya chini, yaani kile chuma kilichopigwa mwambani kushikilia waya. Tuseme nanga zimeachana mita 3 na kikamba chako ni mita 1. Ukiponyoka karibu na nanga ya juu utaanguka mita 4 au zaidi, na kitakachokusimamisha ni mita 1 tu ya kamba. Karabina ikilalia ukingo wa jiwe wakati huo, inaweza kuvunjika.

Ndiyo maana seti ya via ferrata ina mikono miwili, yaani vile vikamba viwili, na kifyonza mshtuko. Hicho ni mkanda uliokunjwa na kushonwa ndani ya kifuko. Mtu akianguka, nyuzi zinafumuka kidogo kidogo na kumpunguza kasi. Tafuteni iliyoandikwa EN 958 ya mwaka 2017, yaani kiwango cha Ulaya cha seti hizi. Hiyo imepimwa kwa uzito wa kilo 40 hadi 120, na mkanda hauruhusiwi kufumuka kupita sentimita 220. Uzito huo ni pamoja na nguo, viatu na begi, kwa hiyo mwenye kilo 112 na mzigo wa kilo 10 tayari amepita.

Ndugu yenu wa kilo 125 asitegemee seti peke yake. Kiongozi atangulie na kamba halisi ya kupandia, ajifunge juu, kisha akusanye kamba taratibu ndugu yenu anapopanda, ili ibaki imekazwa toka juu. Muambieni kiongozi mapema, kabla ya kulipana, ili aje na kamba na vifaa vyake.

Seti za kuazimwa ziangalieni mwaka. Mnamo 2013 watengenezaji waliziondoa sokoni seti nyingi zenye mikono ya kunyumbuka, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa zikichoka kwa matumizi. Ombeni picha ya lebo kwa simu kabla hamjasafiri. Ikiwa kifuko kimeshafumuka hata kidogo, au lebo haisomeki, iacheni.

Haki isemwe: wengi hupanda Lenana bila seti, wakishika waya kama reli ya ngazi. Mwamba ukiwa mkavu na kichwa kikiwa kizima, yawezekana. Vidato vikifunikwa na barafu saa kumi na moja alfajiri, mkono wenye ganzi haushiki kitu.

Kidato_kwa_Kidato
Naongeza namna ya kupanda. Seti hufungwa kwenye kile kitanzi cha mbele cha mkanda, kwa kupitisha kitanzi chake na kukivuta ndani yake chenyewe. Usiifunge kwa karabina ya ziada. Karabina zote mbili ziwe kwenye waya wakati wote. Ukifika kwenye nanga, hamisha ya kwanza, sikia mlio wa kufunga, ndipo uhamishe ya pili. Anayetoa zote mbili kwa pamoja ili awahi, kwa nukta hiyo hana kitu kinachomshika.

Kati ya nanga mbili awe mtu mmoja tu. Hili ndilo makundi ya marafiki hulivunja kila mara, maana hupenda kuongea na kupigana picha. Wa juu akiponyoka, anamwangukia wa chini.

Kabla ya waya kuna mawe na kokoto za kupanda kwa mikono. Viungo vitatu vikae mwambani, kimoja ndicho kitembee. Jiwe ligonge kwa kiganja kabla hujaliamini. Likilia kwa sauti ya utupu, usilivute. Ukiangusha jiwe piga kelele "Jiwe!" na walio chini wasiinue nyuso. Kofia ngumu ivaliwe tangu kwenye kokoto, watu huichelewesha mpaka kwenye waya. Kokoto zile usiku zimeganda, hivyo zinakanyagika. Jua likipanda zinalegea, na hii ni sababu moja ya kuondoka kambi ya Shipton, ya mwisho kabla ya kilele, saa tisa usiku. Nyingine ni mawingu ya mchana. Radi ikianza, waya ni mahali pa kuondoka mara moja.

Muuguzi_Pwani
Lenana ni mita 4,985. Shinikizo la hewa pale ni zaidi kidogo ya nusu ya lile la ufuoni, na mwili uliozoea Malindi haujui hilo. Kanuni ya kawaida: ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko jana. Kambi ya kwanza, Old Moses, ni mita 3,300 na Shipton ni 4,200. Mruko huo ni mkubwa mno, na ndipo watu huanza kutapika.

Laleni Nanyuki usiku mmoja, Old Moses mbili, Liki North, kambi iliyo kati yake na Shipton, moja, Shipton mbili. Siku moja ongezeni, wallahi haitapotea. Acetazolamide miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla, husaidia, lakini daktari aulizwe kwanza, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Kichwa kikiuma na chakula hakiliki, usipande zaidi. Mwenzenu akiyumba kama mlevi, au akihema akiwa amekaa, ateremshwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kilele kinaonekana. Msimwache ashuke peke yake.

Shela_Malindi
Ahsanteni sana. Tumeongeza siku mbili na tutakodi seti tano, yule wa kilo 125 atapanda kwa kamba ya kiongozi. Januari si wakati wa kaskazi, mlima ni mkavu?

FundiKamba
Mvua ni chache, naam. Lakini mlima uko karibu na ikweta, na Januari jua liko kusini. Upande wa Shipton ni wa kaskazini, hupata jua hafifu, barafu hukaa kwenye nyufa. Julai na Agosti mambo hugeuka. Muulizeni kiongozi hali ya vidato wiki ile ile, na mwende na vyuma vya meno vya kufungwa chini ya viatu vyenye soli ngumu.

Glavu chukueni jozi mbili: za sufu za kutembea usiku, na za ngozi za mafundi kutoka hadweya kwa ajili ya waya. Waya wa zamani hutoa nyuzi zilizokatika, zenye ncha kama sindano, na glavu ya sufu haizizuii.

Kidato_kwa_Kidato
Jaribuni hizo za ngozi na karabina mkiwa nyumbani. Kama hamwezi kuifungua kwa mkono mmoja mkiwa sebuleni, kule juu hamtaweza.