Kobu, kukandika au tofali za kushindilia: ipi inafaa Newala?

MkulimaNewala: Wanajukwaa, nina kiwanja nje kidogo ya mji wa Newala na ninakusudia kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwa saruji kidogo iwezekanavyo. Nimebakiwa na njia tatu: miti na fito za kukandika, kama nyumba aliyotulelea bibi, tofali za udongo zinazoshindiliwa kwa mashine, na kobu, yaani udongo wa mfinyanzi uliokandwa na mchanga na nyasi kavu, ukapandishwa ukuta kwa mikono bila miti wala kalibu. Naomba mnilinganishie kwa hali ya huku.

FundiNachingwea: Ndugu, nyumba ya kukandika husimama haraka na kwa gharama ndogo, ila mchwa hula nguzo zikiwa ndani ya ukuta, na siku unapogundua, ukuta umeshaegemea upande mmoja. Kobu haina nguzo za kuliwa, ingawa mchwa wanaweza kupanda ndani yake hadi kwenye kenchi. Ugumu wake ni unene na subira: ukuta huwa na sentimita 45 hadi 60, na ukishapandisha kama sentimita 40 hivi ni lazima usubiri zikauke na kukaza kabla ya kuongeza, vinginevyo ukuta hutanuka tumbo. Kwa kiwanja kidogo ningechagua tofali.

BintiKitangari: Fundi umesema vyema, lakini umesahau maji. Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto, na kukanda udongo wa nyumba nzima kwa maji ya kununua kwa ndoo ni gharama itakayomeza akiba yote ya saruji. Tofali zenye saruji nazo hunyweshwa siku kadhaa baada ya kufyatuliwa. Jambo la pili ni kalenda: fedha za korosho hutufikia mwisho wa mwaka, wakati mvua inaanza, ilhali udongo hujengwa kiangazi. Anayetaka kobu avune mvua ya bati kwenye tangi, aitunze fedha hadi Mei au Juni. (Kuitunza ndiyo kazi hasa.)

MzeeWaKilwa: Wanangu, mwaweza kubishana juu ya ukuta mkasahau miguu yake. Mvua ikidunda chini hurukia ukuta na kuula taratibu, kwa hiyo msingi wa mawe uinuke nusu mita na upenu utoke mbali. Msipige lipu ya saruji juu ya udongo, kwa maana hufungia unyevu ndani kisha ikabanduka vipande vipande. Tumieni chokaa, ambayo huacha ukuta upumue. Kuta za mawe na chokaa za Kilwa Kisiwani zimekaa karne nyingi kando ya bahari.

MkulimaNewala: Shikamoo Mzee, nawashukuru nyote. Nimetikisa udongo wangu ndani ya chupa ya maji na kuuacha utulie: karibu wote ni mchanga, mfinyanzi ni utando mwembamba tu juu.

FundiNachingwea: Basi kwa kobu haukutoshi, kwani kobu inahitaji mfinyanzi wa kama asilimia 15 hadi 25. Mchanga huo, ukitiwa saruji ya asilimia 5 hadi 10, hutoa tofali nzuri za kushindilia. Kama moyo bado uko kwenye kobu, changanya udongo wa kichuguu, ufinyange matonge matatu ya michanganyiko tofauti, uyaanike wiki mbili, na ujenge kwa lile lisilopasuka. Anza na jiko la nje.

MkulimaNewala: Vichuguu viwili vipo mpakani mwa shamba. Tofali kwa nyumba, kobu kwa jiko. Nitaanika matonge Juni.