Hubert Walter alichoma kanisa, nyinyi mnamsifia mafaili yake!

Ndugu zangu, nimevumilia vya kutosha. Kila ninaposoma habari za Hubert Walter, Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa juu wa Kanisa la Uingereza, kuanzia mwaka 1193 hadi alipofariki mwaka 1205, nakuta sifa zile zile: mchapakazi hodari, mtunza kumbukumbu, mtu aliyehakikisha mwaka 1195 kwamba mapatano ya ardhi yaliyofikiwa katika mahakama ya mfalme yanaandikwa nakala tatu, mbili za wahusika na moja ya kubaki hazina. Sibishi, nakala hizo zipo hadi leo. Ila wakifika kwenye mambo ya London ya mwaka 1196, waandishi hao hukunja kanzu na kuruka kama wanaovuka dimbwi.

Mfalme Richard wa Uingereza alikuwa ametekwa akirejea kutoka Vita vya Msalaba, na fidia iliyodaiwa ilikuwa maki 150,000 (maki ilikuwa kipimo cha fedha cha wakati ule). Watu walitozwa robo ya mapato yao, na hata sufu ya watawa wa Cistercian ilichukuliwa. Mfalme alipoachiwa, vita vya Ufaransa vikaendelea kudai fedha, naye Hubert ndiye aliyeiendesha nchi kwa niaba yake. Huko London matajiri walijipangia makadirio ya kodi kwa namna ambayo mzigo uliwaangukia maskini. William FitzOsbert, aliyejulikana kwa ndevu zake ndefu, naye akiwa amewahi kujiunga na Vita vya Msalaba, alisimama akayasema hayo hadharani na akavuka bahari kumlalamikia mfalme mwenyewe.

Hubert akaagiza akamatwe. Katika purukushani William akamuua mmoja wa waliotumwa, na damu hiyo siitetei, kisha akakimbilia kanisa la St Mary-le-Bow pamoja na wenzake wachache. Kwa sheria ya wakati ule, aliyeingia kanisani alikuwa amepata hifadhi, hata kama ni muuaji. Askofu mkuu, mlinzi wa kwanza wa hifadhi hiyo, akaamuru moto uwashwe. Tena kanisa lenyewe lilikuwa chini ya Canterbury, yaani alijichomea nyumba yake! Moshi ulipowashinda wakatoka, William akachomwa kisu tumboni palepale nje, akafungwa nyuma ya farasi, akaburutwa hadi Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu, na kunyongwa pamoja na wenzake tisa.

Kumbukeni alikalia kiti cha nani. Thomas Becket, askofu mkuu wa hapo kabla, aliuawa ndani ya kanisa kuu la Canterbury mwaka 1170, Ulaya nzima ikalia, na mwaka 1174 Mfalme Henry wa Pili akaenda huko miguu mitupu kuchapwa viboko vya toba. Je, Hubert alichapwa na nani?

Maskini wa London walianza kuchota udongo chini ya mti wa kunyongea, kiganja baada ya kiganja, wakiamini unaponya, mpaka pakawa shimo. Jibu la askofu mkuu lilikuwa kuweka walinzi wenye silaha hapo. Watawa wake wa Canterbury ndio waliopeleka malalamiko Roma, na mwaka 1198, Papa Innocent wa Tatu akishinikiza, Hubert akaachia madaraka ya kuendesha nchi. Mnadhani alitubu akarudi madhabahuni? Mwaka uliofuata John, mdogo wake Richard, alipotawazwa mfalme, Hubert huyohuyo akapokea uchansela, yaani usimamizi wa ofisi ya maandishi ya mfalme, akarudi kwenye nakala zake.