Mama karidhia kubadilishwa goti, mie ndo siupati usingizi. Mliopitia nisaidieni

Binti Mtambwe
Asalaam aleikum nyote. Mamaangu ana miaka 67, yuko Wete, Pemba. Miaka 30 na ushei kasomesha chuo cha Qur'ani nyumbani, amekaa mkekani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na msimu wa karafuu hakosi kuchambua. Sasa goti la kulia limepinda, ngazi hapandi, usiku halali kwa maumivu.

Tuliambiwa ute wa magoti umekwisha. Tukamlisha bamia, miguu ya kuku, supu ya kongoro, na makopo ya vidonge ambayo bei yake siitaji hapa. Alipopigwa eksirei ikaonekana gegedu limelika, mfupa unasugua mfupa. Dokta kasema dawa hazitamfikisha mbali, abadilishwe goti, na kwa vile la kushoto nalo si zima, akitaka yafanywe yote mawili siku moja. Ana sukari na presha kidogo.

Yeye mwenyewe karidhia, keshaanza hata kugawa kanga. Kakaangu anasema MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar. Dadaangu anasema India. Nilipouliza hatari zake nikajibiwa "kila operesheni ina hatari", nikapewa karatasi tusaini. Mie nataka kujua hatari yenyewe ni ipi na sisi huku nyumbani tufanye nini.

Jicho la Pweza
Wa aleikum salaam. Bamia tumekula sote dada, ute ukaishia kwenye sahani.

Nesi wa Ng'ambo
Binti, nimekaa wadi ya upasuaji miaka mingi, ngoja nikueleze taratibu.

Kwanza goti halitolewi zima kama watu wanavyodhani. Zinakatwa ncha zilizolika za mfupa wa paja na wa muundi, vipande vyembamba tu, zinavishwa chuma, na katikati inatiwa plastiki ngumu ifanye kazi ya gegedu. Wengi hupigwa ganzi ya mgongo, hawalazwi usingizi mzito.

Hatari inayotuogopesha sisi zaidi ni vijidudu kuingia kwenye kile chuma. Si jambo la kila mtu, ni kiasi ya mgonjwa 1 au 2 katika 100, lakini likitokea ni balaa kwa sababu chuma hakina damu, dawa haifiki vizuri. Na mwenye sukari isiyotulia yumo hatarini zaidi. Kwa hiyo kabla hamjagombania MOI na India, mpimeni kile kipimo cha sukari ya miezi 3, HbA1c. Madaktari wengi hawapendi kumgusa akiwa juu ya 8 hivi. Tena mtazameni meno, mkojo, na nyayo. Jino bovu, mkojo wenye maambukizi, kidonda cha kidole, vyote hivyo vitibiwe mwanzo. Kadungwa sindano ya goti karibuni? Hiyo ya steroidi, ikiwa haijafika miezi 3, asubiri.

Ya pili ni damu kuganda mguuni. Donge likikatika likapanda mapafuni linaua. Ndiyo maana atapewa dawa ya kuzuia damu isigande na atasimamishwa siku hiyo hiyo au ya pili yake. Msiseme "mwacheni mzee apumzike". Kumpumzisha ndiko kunakomuweka pabaya.

Hayo mawili kwa siku moja, kwa umri wake na sukari yake, mie ningemuuliza dokta tena. Damu inamwagika zaidi, moyo unabebeshwa zaidi, na hana mguu mzima wa kuegemea.

Mzee wa Kiuyu
Mnakimbilia visu. Kuna mchuaji huku kwetu, mafuta ya habasoda na karafuu, watu wanatembea. Na baada ya hiyo operesheni pia mumlete achuliwe mishipa ifunguke.

Nesi wa Ng'ambo
Mzee wangu, shikamoo. Kabla ya operesheni kupakwa mafuta hakuna neno, moto wake unatuliza, ila gegedu halioti. Lakini baada ya operesheni, tafadhali sana, mguu usikandwe. Kama mna donge la damu kwenye shavu la mguu na mchuaji akalisukuma, tutazungumza mengine.

Goti la Chuma
Mie ndo mwenyewe. Goti la kushoto, mwaka wa sita huu, nilifanyiwa Dar. Leo natembea Darajani kwenda na kurudi na kapu la samaki.

Sitakudanganya lakini. Wiki mbili za mwanzo nilijuta. Yale maumivu ya kukunja goti na kulinyosha, mtu mzima unalia. Yule kijana wa mazoezi nilimchukia kama mkusanya kodi. Wiki ya sita ndo nikaanza kumuona binadamu. Uvimbe na joto goti likabaki nalo miezi, na ngozi pembeni ya kovu mpaka leo haina hisia, ukinigusa ni kama unagusa kanzu. Hilo ni kawaida, wanakata vineva vya ngozi, ila hakuna aliyenambia kabla nikadhani nimepooza.

Jambo jengine. Usiondoke spitali bila karatasi yenye vibandiko vya hicho chuma: aina, namba, saizi. Siku kikiharibika, daktari atakayekifungua lazima ajue ametia nani na nini. Mie karatasi yangu nimeitia kwenye plastiki pamoja na hati ya shamba.

Kwale Mkorofi
Nasema langu bila kutaja spitali. Mamaangu mdogo alifanyiwa, operesheni ikenda salama, tukaharibu sisi. Tukampa mto chini ya goti kila usiku kwa huruma. Goti likaganda limekunja, halinyooki. Mto unawekwa chini ya kisigino, si chini ya goti. Hatukuambiwa, au tuliambiwa hatukusikia.

Halafu kidonda kikaanza kutoa majimaji kidogo wiki ya tatu. Tukenda duka la dawa tukanunua antibiotiki, kikakauka, kikarudi, tukanunua tena. Tulipomrudisha tukagombezwa: zile dawa zilificha vijidudu hata kipimo hakikuvikamata vizuri. Akafunguliwa, akasafishwa, mwisho chuma kikatolewa, pahala pake ikatiwa saruji yenye dawa kwa miezi, ndo kikatiwa chuma kipya. Kidonda kikitoa maji, goti likawa jekundu, homa ikaja, mrudishe kwa aliyemkata. Usinunue kidonge hata kimoja njiani.

Binti Mtambwe
Kwale, pole sana. Nesi, Mungu akulipe. Nimesoma nikamsomea mama kwa simu. Akanyamaza, halafu akauliza neno moja tu: "Nitasujudu?" Sikuwa na jibu. Na nyumbani choo ni cha kuchutama.

Goti la Chuma
Mie sisujudu chini. Nimejaribu. Goti halivunjiki kwa kupigiwa magoti, dokta wangu alinambia hivyo, lakini unahisi kama umepigia goti kokwa. Na kile kikao cha tahiyatu kinataka goti likunje mpaka kisigino kiguse makalio. Goti la chuma likifanya vizuri hukunja nyuzi 110 mpaka 120, hapo panatosha kiti, ngazi, gari. Kikao cha tahiyatu kinazidi hapo. Wapo wanaoweza, ila usimuahidi.

Ustadh wa Chake
Mwambie bimkubwa asihuzunike. Imran bin Husain alikuwa na maradhi, Mtume (s.a.w.) akamwambia aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Imo Bukhari. Atasimama, atarukuu, na sijida ataiashiria akiwa kitini. Na kwani sasa hivi anasujudu? Ukimuuliza vizuri utakuta keshaanza kuswali kitini mwaka mzima kwa maumivu na anaona haya kusema.

Nesi wa Ng'ambo
Ustadh kagusa penyewe. Mwanangu, hilo suali la mama ndilo alipeleke kwa dokta. Anataka goti la nini? Akisema nataka kulala usiku na kutembea mpaka msikitini, goti la chuma linaweza. Akisema nataka kukaa mkekani kama zamani, bora ajue mapema. Katika watu 10, kiasi ya 8 huridhika. Waliobaki chuma kimekaa vizuri tu lakini maumivu hayajesha au walitarajia goti la ujana. Kuhusu kudumu, uchunguzi mmoja mkubwa wa 2019 ulikadiria magoti 82 katika kila 100 hufika miaka 25. Kwa miaka yake 67 hilo lisimkoseshe usingizi.

Choo: fundi seremala akutengenezee kiti cha mbao chenye tundu, miguu imara, na mkono wa kushika ukutani. Kitanda cha samadari kile kirefu kinafaa, godoro la chini halifai. Mikeka na mabusati yote yakunjwe, ndiyo yanayoangusha watu wenye fremu ya kutembelea.

Jicho la Pweza
Na paka. Wafungieni na paka.

Mpiga Mbizi
Hakuna aliyezungumza safari. Akifanyiwa Dar, ana boti mpaka Unguja, halafu boti ya pili mpaka Pemba, na mkondo wa Pemba ukichafuka hakuna anayesimama. Ngazi za boti, watu wanasukumana, saa nyingi umekaa mguu umening'inia. Kodini chumba Dar mpaka nyuzi zitoke, kiasi cha wiki 2, na mazoezi ya mwanzo ayafanye huko huko. India ndo zaidi: ndege ya masaa mengi mguu ukiwa mbichi ni kutafuta damu igande. Na akipata tatizo mwezi wa tatu, nani atampeleka tena India? Mie kura yangu ni kwa kaka.

Binti Mtambwe
Narudi baada ya wiki 2. Kipimo cha sukari kimetoka 9.4. Meno mawili yameoza, moja limeshang'olewa, la pili Jumatano. Dokta kakubali, tena bila kinyongo: goti moja tu, la kulia, na si kabla sukari haijashuka, huenda miezi 3. Kampa na mazoezi ya kukaza paja tangu sasa, akasema paja likiwa na nguvu kabla, kunyanyuka baada ni rahisi. Kamwambia pia apunguze kilo, kila kilo moja inayopungua goti linatuliwa mzigo wa kiasi cha kilo 4 kwa hatua. Chapati zimekatwa. Nyumba nzima tunateseka.

Suali la sijida kaliuliza mwenyewe. Dokta kamjibu kama alivyojibu Goti la Chuma. Mama akasema basi, kwa Mungu hata kitini. Halafu tukiwa njiani kurudi akanambia kweli, tangu Mfungo Sita anaswali kitandani, mlango kaufunga.

Fundi anakuja kesho kupima choo.