Re: Mzee yuko Leicester, anataka Hamburg, kituo cha viza kimekataa faili

Baba Zuwena, Leicester

Assalaam aleikum wanabaraza,

Nisaidieni kabla presha haijanipanda. Mzee wangu amekuja kututembelea, yuko hapa kwa ile Standard Visitor ya miezi sita. Mnaomjua mnamjua: mtu wa reli tangu ujana, aliingia fayamani enzi za EAR (reli ya Afrika Mashariki), akastaafu dereva wa dizeli. Sasa Zuwena kamwonyesha video za Miniatur Wunderland ya Hamburg, vile vitreni vidogo, na tangu hapo nyumba haina amani. Kila baada ya isha ni "baba, hebu niwekee tena ile ya Uswisi."

Nikajaza fomu ya Schengen. Bima ya euro 30,000 ninayo, stetimenti za benki ninazo, hoteli nimeshika, barua ya mwaliko nimeandika. Jana tumekwenda hadi London. Kijana wa dirishani kafungua pasipoti, kaona viza ya visitor, kaisukuma faili yote irudi kwangu. "Aombe alikotoka." Hata vidole hakumchukua. Nikamwambia Visa Code, sheria ya viza za Schengen, inamruhusu mtu aliyepo nchini kihalali kuomba akiwa na sababu ya kuridhisha. Akanijibu nisome tovuti.

Swali langu ni moja tu: kuna yeyote aliyemwombea mzazi Schengen akiwa UK kwa visitor, faili ikapokelewa? Na kwenye barua mlitaja sababu gani? Shukran.

Mama Khalid, Birmingham

Wa aleikum salaam, pole sana kaka. Mimi yangu wala si ya mzazi, ni yangu mwenyewe, na nina ILR, kibali cha kuishi hapa bila kikomo! BRP yangu, ile kadi ya ukaazi, imekwisha mwisho wa 2024 kama za watu wote, nikafungua eVisa ya mtandaoni, nikaenda kituoni na simu mkononi. Yule dada akataka kadi. Nikamwambia hakuna kadi tena, serikali yenyewe imeziondoa. Akataka "kitu cha kuprinti". Nikampa share code, namba ya kuhakiki kibali mtandaoni, akaitazama kama namba ya bahati nasibu. Safari ya arusi ya binamu yangu Brussels ikafa hivyo hivyo, na gauni nilishashonesha.

Mwana Kibokoni, Milton Keynes

Kwani viza ya UK haitoshi? Kuna jamaa yangu aliingia Amsterdam nayo tu.

Ami Said, Bonn

Haitoshi. Tafadhali tusiandike tusiyoyajua, kuna watu watazuiwa kupanda ndege kwa maneno kama haya. UK haikuwa Schengen hata ilipokuwa EU. Huyo jamaa yako ana pasipoti ya Kiingereza na hakukwambia.

Baba Zuwena, mimi mkwe wangu nilimtolea VE, hati ya kumdhamini mgeni, pale Ausländerbehörde (ofisi ya wageni), nikapeleka karatasi za mshahara, akaombea Nairobi, akapata. Lakini yeye alikuwa Kisauni, hakuwa Leicester, kwa hivyo haikusaidii sana. Ada ya sasa ni euro 90, hairudishwi.

Ila nikwambie jambo jingine. Wunderland nimekwenda na wanangu. Iko Speicherstadt, ndani ya maghala yale ya matofali yaliyokuwa yakihifadhi kahawa na viungo. Walifungua 2001, ndugu wawili mapacha, na sasa reli imepita kilomita 16, zote kwa kipimo cha 1:87. Skandinavia wameweka maji ya kweli na meli zinakwenda, na kuna uwanja wa ndege ambao ndege zinakimbia na kupaa. Kila baada ya muda taa zinazimwa, mji unaingia usiku, madirisha madogo yanawaka moja moja. Tiketi kateni mapema kwa saa maalumu, la sivyo mtasimama foleni mpaka mzee achoke.

Lakini mzee aliyeendesha kichwa chenyewe utampeleka kutazama vya kuchezea? Mpeleke milima ya Harz, mji wa Wernigerode. Pale kuna mtandao wa kilomita 140 na mvuke unafanya kazi ya kila siku, unapanda mpaka Brocken, mita 1,141. Na reli yake upana ni milimita 1,000. Ndiyo ile ile yetu ya zamani! Mzee akitazama mataruma tu atajua yuko nyumbani.

Fundi Changamwe, Manchester

Yote hayo ya nini na viza hana? Nchi aliyomo imejaa.

Kwanza hapo Leicester penyewe. Reli ya Great Central inatoka Loughborough mpaka Leicester North, maili nane, na ndiyo reli ya urithi pekee Uingereza yenye njia mbili za mainilaini, kwa hivyo unaona treni mbili za mvuke zikipishana kwa kasi. Basi la mjini linakufikisha. York kuna makumbusho ya taifa ya reli, kuingia bure, kichwa cha mvuke Mallard kiko pale, kile kilichofika maili 126 kwa saa mwaka 1938.

Lakini mimi ningemleta Wales. Caernarfon hadi Porthmadog, kilomita 40, na vichwa vinavyovuta ni Garratt. Ndogo, reli yenyewe haifiki sentimita 60, ila ni Garratt, boila katikati na injini moja kila upande. Nyingi zilitengenezwa hapa Manchester, zikafanya kazi Afrika Kusini, zikarudishwa. Sisi wa Mombasa tukiona Garratt tunajua tunatazama nini.

Mwana Kibokoni, Milton Keynes

Garratt zetu si zilitoka Glasgow? Babu alikuwa akisema Glasgow.

Fundi Changamwe, Manchester

Babu alikuwa akizungumzia class 29, si Garratt, hizo ndizo za kampuni ya North British, Glasgow. Garratt zetu za class 59 ni za Beyer, Peacock, Gorton, Manchester, 1955 na 1956. 34 kwa jumla, tani zaidi ya 250 kila moja, zikapewa majina ya milima. Hakuna reli yenye upana wa mita moja popote duniani iliyopata kuwa na mvuke wenye nguvu kuzishinda. Gorton sasa karakana yenyewe imekufa. Nilikwenda kuitafuta nilipohamia hapa, bwana mmoja kwenye duka la chipsi akanionyesha kwa kidole tu.

Kaka Mkubwa, Kisauni

Salamu kutoka nyumbani. Mnahangaika na Wazungu na 59 namba 5918, Mount Gelai, imekaa Nairobi pale makumbusho ya reli, unaigusa kwa mkono. Pia kuna lile behewa ambalo Ryall, afisa wa polisi, alivutwa na simba kule Kima mwaka 1900. Mzee akirudi mpelekeni, nauli ya treni ya Madaraka tu.

Ami Said, Bonn

Nauli ya Madaraka, na nauli ya kutoka mjini hadi stesheni yake Miritini?

Kaka Mkubwa, Kisauni

Hilo sitajibu.

Binti Majengo, Dubai

Lijibuni basi, maana ndilo jambo lenyewe. Stesheni ilikuwa mjini. Unatoka na sanduku lako, watu wako wanakusindikiza kwa miguu, jioni gari la moshi linaondoka. Nakumbuka yule bwana wa treni aliyepita ukumbini akigonga kimarimba chake kidogo kuita watu wa chakula. Mamangu alikuwa hatuachi twende mpaka apite mara ya pili, eti wa kwanza ni wa Wazungu. Sasa 2017 wakaleta reli mpya, SGR, treni ya usiku ikazikwa. Halafu 2019 wakaamuru kontena zote za bara zipande reli mpaka Embakasi, Nairobi. Muulizeni nduguyangu aliyekuwa na malori mawili. Mpaka amri ifutwe 2022 alishauza moja, la pili liko juu ya mawe.

Mwana Kibokoni, Milton Keynes

Dada, na ajali za malori Mariakani hukuzihesabu? SGR imesaidia wengi. Kwa mwendo wa saa tano tu uko Nairobi.

Binti Majengo, Dubai

Imewasaidia walioko Nairobi.

Msimamizi

Siasa za bandari zina uzi wake. Tafadhalini.

Mama Khalid, Birmingham

Basi mimi niseme la Mackinnon Road. Babangu hakuwa mtu wa reli lakini tukipita na treni kwenye kaburi la Sayyid Baghali alikuwa anasimama dirishani, anasoma Fatiha, na treni ilikuwa inapunguza mwendo kabisa pale msikitini. Hao wa SGR wanapunguza?

Fundi Changamwe, Manchester

Reli mpya inapita kivyake, dada. Na lile zunguko la Mazeras, pale reli ilipojiviringa ikapita juu ya mgongo wake, ndilo ninaloliota mimi. Wazungu wanalo lao Brusio, Uswisi, daraja la mawe la duara, reli ya upana wa mita moja vilevile, UNESCO wakaliandika 2008. La kwetu linaota majani.

Mwana Kibokoni, Milton Keynes

Baba Zuwena, mpeleke huko Loughborough, mzee akumbuke enzi za kutupia makaa kwa sepetu.

Baba Zuwena, Leicester

Jamani, asanteni. Hakuna hata mmoja aliyenijibu la visitor, nimeona. Nimewaandikia barua pepe ubalozini moja kwa moja, nangoja.

Jumamosi tumekwenda Loughborough. Mwana Kibokoni, nimemsomea mzee maneno yako, akacheka mpaka akakohoa. Anasema 59 zilichoma mafuta mazito. Fayamani wa EAR hakushika sepetu hata siku moja, alikaa kwenye kiti na mkono wake kwenye valvu, akitazama moshi: mweusi, punguza mafuta, mweupe, ongeza. Basi kasimama ukingoni mwa jukwaa, akamwangalia kijana wa Kiingereza anavyochota makaa jasho likimtiririka, akaniambia, "Mwambie huyu akija Mombasa tutampa kiti."

Amenunua kofia ya dereva pale dukani. Sasa anauliza Wales ni siku ngapi.

Fundi Changamwe, Manchester

Siku moja haitoshi, laleni Porthmadog. Behewa la wazi kama hakunyeshi, na mwambie akae upande wa mlima. Nitawafuata kwa gari.