Naomba ushauri: mahari ya mjane haikulipwa, mirathi inagawanywa (Ujiji)

Wakuu, kuna mjane Ujiji, mirathi inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, ana kijana mmoja na mabinti wawili. Wazazi wa marehemu hawapo, mazishi yameshalipiwa, mali ni milioni 26. Mashemeji wamempigia hesabu ya 1/8 ya mali yote. Wanakosea: mahari ya milioni 2 ambayo marehemu hakuilipa ni deni, hutoka kwanza. Zinabaki 24, mjane milioni 3, kijana 10.5, kila binti 5.25. Wao mashemeji hawana fungu, mtoto wa kiume anawazuia.

Shida, mahari ilitajwa kwa mdomo. Walii (aliyemwozesha) kafariki, shahidi mmoja kabaki, yuko Tabora. Mahakama ya Mwanzo itamkubali peke yake, au mjane ale kiapo? Na eda yake (muda wa kukaa baada ya kufiwa na mume) ya miezi 4 na siku 10 haijaisha, wanataka kumtoa nyumbani, jambo baya mno. Azuie vipi haraka?