Tumepata nyumba Kinyerezi bila dalali, wanataka kishika uchumba (malipo ya awali) Ijumaa. Tulipe?

Mama_Watatu
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri wa haraka, zimebaki siku 3.

Mimi na mume wangu tumepanga Tabata, huu mwaka wa 11. Tumejibana, tumecheza vikoba, hatimaye pesa ya nyumba imetimia. Madalali walituzungusha miezi minne, kila safari tunawalipa hela ya kuonyeshwa. Mwezi uliopita tukapita Kinyerezi tukakuta maandishi ukutani: NYUMBA INAUZWA, DALALI HAPANA. Tukabisha hodi.

Mwenye nyumba ni bibi mjane. Vyumba vitatu, kimoja kina choo ndani, kuna kisima na uzio. Anataka milioni 78. Nyumba hiyohiyo dalali mmoja alishatutajia milioni 86! Hati tumeonyeshwa kopi, ina jina la marehemu mume wake. Mazungumzo anayasimamia kijana wake mkubwa, naye anataka kishika uchumba cha milioni 10 Ijumaa, la sivyo anampa mteja mwingine. Tutaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Bibi ni mtu mwema, nimekaa naye jikoni tukachambua mchicha, namwamini kabisa. Tulipe?

Mzee_wa_Viwanja
Mwanangu, usitoe hata shilingi. Kwenye hati kuna jina la marehemu, kwa hiyo mpaka sasa hakuna mtu mwenye uwezo wa kukuuzia. Kuwa mke hakumpi bibi mamlaka hayo, na huyo kijana ndiyo kabisa. Lazima mahakama iteue msimamizi wa mirathi, kisha msimamizi huyo aandikishwe kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Hapo ndipo anaweza kuhamisha milki kuja kwako.

Waulize swali moja tu: msimamizi ni nani, na barua yake ya uteuzi iko wapi?

Mama_Watatu
Shikamoo mzee. Sijui kama walifungua mirathi. Bibi aliniambia "watoto wote wanajua". Wako watano.

Nuru_wa_Pwani
Dada, hilo neno "wote wanajua" ndilo lililotuponza sisi. Baba yetu alinunua nyumba kwa mjane namna hiyohiyo, mashahidi wakasaini, tukapaka rangi tukahamia. Mwaka wa pili akatokea mtoto wa marehemu wa mama mwingine, hakuna aliyewahi kumtaja. Tulikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya miaka minne. Baba alifariki kesi haijaisha. Yule mjane hakuwa mwizi, alikuwa mama mzuri tu. Wema wake haukutusaidia kitu mbele ya baraza.

Bikoni
Naongezea, maana nimefanya kazi za upimaji. Hata mirathi ikiwa safi, kopi ya hati haitoshi. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa uombe upekuzi rasmi. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na milioni 78. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama mtu ameweka zuio. Wengine hushika hati halisi mkononi kumbe nyumba ina mkopo. Uliza pia pango la ardhi linadaiwa miaka mingapi.

Kisha mlipe mpima aje kusoma bikoni (alama za mipaka), aone kama uzio umekaa ndani ya kiwanja. Na kwa Kinyerezi, ulizeni mto. Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu na una vijito vingi huko. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Desemba 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilivunjwa, na waliovunjiwa wengine walikuwa wamenunua kwa watu waaminifu kabisa. Nendeni siku ya mvua kubwa, mkaongee na mwenye genge la jirani kuhusu maji ya masika yanafika wapi.

Kaka_Mkubwa_TBT
Mimi sikubaliani na wanaowalaani madalali wote. Aliyenipatia nyumba yangu alijua mgogoro wa kila kona. Ila tuseme ukweli, huyo dalali wa milioni 86 asingekuuliza habari ya mirathi. Angeweka cha juu chake akaondoka.

Kuhusu mwenyekiti: nendeni kwake kuuliza historia ya nyumba, lakini mkataba muandikiwe na wakili wenu, si wa muuzaji. Sahihi ya mwenyekiti haihamishi milki, na akidai asilimia 10 ya bei hakuna sheria inayompa. Malipo yapite benki. Andikeni mapema nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya faida ya kuuza) ni ya muuzaji, ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa kawaida ni wako. Msipoandika mtasumbuana mwishoni.

Mama_Watatu
Wakuu, nimerudi. Jana nilikwenda kwa bibi na mume wangu. Mirathi haijafunguliwa, mzee alifariki 2019. Kijana alikasirika, akasema tunawapotezea muda. Bibi akamnyamazisha, akasema yuko tayari kwenda mahakamani, na binti yake wa Morogoro anakuja Jumapili wakae kikao cha familia. Kishika uchumba tumekataa. Tumeomba tu kuandikiana kwamba bei inabaki 78 hadi msimamizi ateuliwe, na bibi amekubali.

Upekuzi naenda kuomba Jumatatu. Mzee_wa_Viwanja, nikipata majibu naomba nikutumie unisomee. Na Nuru, pole sana kwa baba.

Mzee_wa_Viwanja
Marahaba mwanangu. Tuma, nitayasoma. Na kwenye kikao hicho waombe waandike watoto wote wa marehemu, wa ndani na wa nje.