Neno "change" lanitoa jasho

Mimi ni dereva wa tuktuk, Mji wa Kale, Mombasa. Jana nilimshusha Mwingereza Fort Jesus. Nauli 300, akanipa 500, akasema "keep the change". Nikamkimbilia na chenji yake hadi mlangoni, akacheka tu. Leo mama mmoja kaniambia "I need to change", nikamtolea sarafu. Kumbe ataka kubadili nguo! Hebu nisaidieni.

— Yakhe, la kwanza ni bakshishi: baki na chenji. Nawe wakimbia kurudisha mia mbili!

— Mama angetaka sarafu angesema "I need change". Hiyo "to" ndiyo iligeuza neno kuwa kitendo.

— Ukiambiwa "change at Mwembe Tayari", shuka upande matatu nyingine.

— Ahsanteni. Mia mbili ninayo, alikataa kuipokea.